Kununua kompyuta ya mezani ya kuendeshea mashine pepe Nairobi

Vijana ninaowafundisha mitandao jioni hunijia na swali moja: "Mwalimu, ninunue i5 au i7?" Hizo ni prosesa za Intel, na kompyuta wanaitaka ya kuendeshea mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazowaka ndani ya kompyuta moja halisi. Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Prosesa ni jambo la tatu. La kwanza ni memori (RAM), la pili ni diski, na kabla ya yote hayo kuna karatasi na kalamu.

Kaa chini uandike mashine pepe zote unazotaka ziwake kwa wakati mmoja, si zile utakazokuwa nazo kwenye diski. Mtu anayejifunza usalama wa mitandao, kwa mfano, ataandika hivi: Windows Server 2022 yenye domeni, yaani ya kusimamia akaunti na kompyuta za mtandao mzima, GB 4. Kompyuta ya mfanyakazi ya Windows 11, GB 4, kwa kuwa Microsoft wenyewe wameweka hicho kuwa kima cha chini. Kali, Linux ya kujaribia mashambulizi, GB 4 ili isikwame ukifungua kivinjari. Ubuntu Server, GB 2. pfSense ya kulinda mlango wa mtandao, GB 1. Na Wazuh ya kukusanya kumbukumbu za matukio, ambayo ukiisimika yote pahali pamoja inataka GB 8. Jumla ni GB 23. Ongeza GB 5 au 6 za mfumo mwenyeji, yaani Windows au Linux yako ya kawaida na vile vichupo ishirini vya kivinjari usivyotaka kuvifunga, na umefika GB 29.

Kwa hiyo GB 16 imeshaondoka mezani. GB 32 inatosha leo. Mashine unayoitafuta ni ile itakayokubali GB 64 baadaye, hata kama leo utailipia 32 tu.

Memori naipa uzito huo kwa sababu haigawiki kama prosesa. Ukiwa na prosesa ya viini (cores) sita unaweza kuzipa mashine pepe zako jumla ya viini kumi na viwili na usione shida, kwa kuwa nyingi hukaa bure zikisubiri kazi, zinapokezana. Memori ni kama viti vya matatu: aliyekaa amekaa. Kuna mbinu za kubana, programu za mashine pepe kama Proxmox na VMware zinazo, lakini usinunue kompyuta ukizitegemea. Ikiisha, mfumo mwenyeji unaanza kuandika kwenye diski kile ambacho kingekuwa kwenye memori, na hapo hata kipanya kinasogea kwa kukokota.

Fungua kifuniko

Soko la Nairobi, kwa mtu wa mfuko wa kawaida, ni la ex-UK. Ukipita Moi Avenue au ukikatiza Luthuli utaona rafu zimejaa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre, zote nyeusi, zote zinafanana. Hizi ni kompyuta za ofisi zilizotoka huko nje zikiwa bado na nguvu, na kwa kazi yetu nazipenda kuliko kompyuta mpya ya bei sawa. Mpya ya bei hiyo huwa imebanwa mahali usipopaona: bodi yenye sloti mbili za memori, feni nyepesi, pawa saplai isiyo na jina.

Ila kufanana kwao ndiko mtego. Chukua OptiPlex 3060 na OptiPlex 7060. Ziweke kando kwa kando, zile za umbo jembamba, na mtu asiyesoma namba hatazitofautisha. Ndani, 3060 ina sloti mbili za memori na mwisho wake ni GB 32. 7060 ina sloti nne na inafika GB 64. Tofauti ya bei kati yao mara nyingi ni ndogo kuliko utakavyolia baadaye. Kwa HP, EliteDesk 800 G4 ya umbo hilohilo pia ina nne. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii inaenda hadi sitini na nne," mwambie afungue kifuniko. Hakuna bisibisi inayohitajika kwenye nyingi ya hizi, ni kubonyeza na kuvuta. Hesabu sloti kwa macho yako.

Zile ndogo kabisa, za kukaa nyuma ya skrini, zinavutia hasa ukiwa unaishi bedsitter. Zinatumia memori ya laptopu, sloti mbili. Zinafaa kwa mtu wa mashine pepe mbili tatu. Mwenye orodha kama ile ya juu azipite.

Ukinunua memori, chukua mbili za GB 16 badala ya nne za GB 8. Zikiwa mbili zinafanya kazi kwa njia mbili sambamba, na bado sloti mbili zinabaki wazi. Bei za memori zilipanda vibaya kuanzia mwisho wa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo usishangae kukuta memori imekaribia bei ya kasha zima. Hilo linabadilisha hesabu: kompyuta iliyokuja tayari na GB 32 ndani, hata ikionekana ghali, huenda ndiyo nafuu. Piga hesabu ya vitu vyote viwili kabla hujapuuza.

Zile kubwa za wahandisi

Kuna njia nyingine ambayo mafundi wengi watakupeleka: HP Z440 au Dell Precision T5810, zenye prosesa za Xeon E5. Z440 ina sloti nane za memori. Ukiitia Xeon E5-2680 v4 una viini 14 na nyuzi 28 (threads, kazi zinazoweza kwenda kwa wakati mmoja). Kwa maabara ya mtu mmoja hiyo ni neema, na nimewaona wanafunzi wakiendesha EVE-NG, programu ya kuigizia mitandao, yenye ruta chungu nzima humo bila jasho.

Mambo mawili kabla hujashawishika. Memori yake ni ya seva, ile ya ECC (inayosahihisha makosa yake) ya aina ya registered. Ya DDR4 (kizazi cha nne cha memori hizi) inaingia vizuri kabisa kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida, na mashine haiwaki. Kwa hiyo usinunue memori ya Z440 ukidhani siku moja utaihamishia OptiPlex, na mtu akikuuzia "RAM ya bei poa" mtaani soma kibandiko chake kwanza.

La pili ni tokeni za umeme. Tuseme OptiPlex yako inakula wastani wa wati 40 na unaiacha ikiwaka usiku na mchana. Kwa mwezi ni karibu uniti 29. Ile kubwa tuipe wastani wa wati 110: uniti 79. Sasa kumbuka umeme wa nyumbani Kenya unalipishwa kwa madaraja: hadi uniti 30, kisha 31 hadi 100, kisha zaidi ya 100, na kila daraja lina bei yake. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 25 kwa mwezi, ya kuchaji simu, taa na televisheni, itaruka madaraja mawili kwa sababu ya kasha moja chini ya meza, na bei ya juu inashika hata zile uniti za taa. Ukiizima usiku hesabu inapungua, bila shaka. Lakini wengi tunasema tutazima.

Prosesa, sasa

Siku moja nilimsindikiza mwanafunzi wangu dukani. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaweka kasha mezani na kugonga kibandiko kwa kidole. "Madam, hii ni Core i7. Usiiachilie." Ilikuwa i7 kweli: i7-4770, ya 2013, viini vinne, memori ya DDR3. Kando yake ilikuwepo OptiPlex ya i5-8500, ya 2018, viini sita, DDR4. Bei zilikaribiana. "Hiyo ni i5 tu," akasema kijana, kwa sauti ya kumhurumia mteja. Tukaichukua hiyo hiyo.

Soma namba yote, si herufi ya mwanzo. Tarakimu za kwanza baada ya kistari ndizo kizazi: 4770 ni kizazi cha nne, 8500 cha nane, 12400 cha kumi na mbili. Kisha angalia herufi ya mwisho. T ni ya kubana umeme, si mbaya, ni ya polepole kidogo. F haina picha zake yenyewe, utahitaji kadi ya picha. Na kwenye vizazi vya pili na vya tatu, zile za K kama i7-2600K hazikuwa na VT-d, teknolojia ya kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi moja kwa moja. Ni ajabu, lakini ya bei ya juu ndiyo iliyopungukiwa.

Kizazi cha sita na cha saba sasa kinamwagwa sokoni, na sababu ni moja: Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Ofisi zinatupa. Ikiwa mwenyeji wako atakuwa Linux au Proxmox, hilo halikuhusu hata kidogo. i7-6700, viini vinne na nyuzi nane, ni prosesa nzuri ya kuanzia, na ukiwa mtu wa kupatana utaipata kwa bei ya kuridhisha. Ikiwa mwenyeji lazima awe Windows, anzia kizazi cha nane.

Mimi nikiambiwa nichague moja ya kumnunulia mtu leo bila kumuuliza mengi, ni i5-8500 ndani ya kasha la sloti nne. i7-8700 ina viini sita vilevile lakini nyuzi 12. Nenda nayo kama nyongeza ya bei haizidi thamani ya memori ya GB 8. Ikizidi, nunua memori. Kwa wanaopenda AMD, Ryzen 7 5700G ina viini 8, nyuzi 16 na picha zake humo humo, ila huku hiyo mara nyingi ni ya kuundiwa na fundi, si ya rafuni.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na flashi mbili mfukoni: moja ya Ubuntu ya kuwakia moja kwa moja, nyingine ya Memtest86+, ya kupima memori. Muuzaji wa kweli hatakataa. Anayekataa, mshukuru na uvuke barabara.

Kwanza ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo ni F1, ukigonga mara tu mashine inapowaka. Hapa unatafuta vitu viwili. Cha kwanza, je, inakuomba nywila? Kompyuta hizi zilikuwa za makampuni, na baadhi hufika hapa BIOS yake ikiwa imefungwa. Kwa mtu wa kuandika barua na kutazama filamu haimsumbui. Kwako wewe ni ukuta, kwa sababu teknolojia ya mashine pepe huwashwa humo humo, na mara nyingi huja ikiwa imezimwa. Kasha lenye BIOS iliyofungwa usilinunue kwa ahadi kwamba "fundi atafungua kesho". Afungue leo, ukiwa umesimama.

Cha pili, tafuta ukurasa wenye neno Virtualization uwashe yote unayokuta: kwa Intel ni VT-x na VT-d, kwa AMD huitwa SVM. Hifadhi, wakisha upya, uwashe Ubuntu kutoka kwenye flashi. Fungua tamino (Terminal, dirisha la kuandikia amri) na uandike lscpu. Kwenye majibu utaona jina kamili la prosesa, idadi ya viini na nyuzi, na mstari wa Virtualization unaosema VT-x au AMD-V. Hapo ndipo unapojua kama kibandiko cha nje na kilichomo ndani ni ndugu. Kama tayari kuna Windows, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, chini kulia imeandikwa kama Virtualization ni Enabled.

Ukiwa bado kwenye Ubuntu, andika free -h uone memori yote inasomeka. Kisha gusa kasha juu ya feni. Kompyuta isiyofanya chochote haifai kuwa na joto la kukufanya uondoe mkono.

Diski

Mashine pepe tano kwenye diski ya kuzunguka ni mateso, na si suala la ukubwa. Diski ya mzunguko wa 7200 inaweza kuhudumia maombi mia moja hivi kwa sekunde yanapotoka sehemu tofautitofauti. Mashine tano zikiwaka pamoja, kila moja inauliza faili zake ndogondogo mahali pake, na sindano inabaki kukimbia huku na huko. SSD, diski isiyozunguka, hata ile ya SATA ya kawaida, inahudumia makumi ya maelfu. Kwa hiyo hatua kubwa ni kutoka kwenye diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ya heshima. Kutoka SATA, yenye takriban MB 550 kwa sekunde, kwenda NVMe, SSD ya kasi zaidi inayochomekwa kwenye bodi, ya MB 3500 ni raha, utaiona ukinakili mashine nzima, lakini siyo inayookoa maisha.

Kabla hujanunua NVMe hakikisha kuna pa kuichomeka. OptiPlex 7060 inayo sloti ya M.2. OptiPlex 9020 ya kizazi cha nne haina.

Nunua TB 1 kama unaweza. Windows 11 peke yake inadai GB 64 za diski, na kila unapopiga snapshot (picha ya hali ya mashine ya kurudia baadaye) kabla ya kuharibu kitu, faili inaendelea kunenepa kimyakimya. Mpangilio ninaoupenda: SSD ndogo ile iliyokuja na kompyuta ibebe mfumo mwenyeji, na SSD mpya iwe ya mashine pepe tu. Siku ukitaka kubadilisha Windows uende Proxmox, mashine zako hazijaguswa.

SSD usinunue ya mtumba, na mpya usinunue isiyo na jina. Kuna zinazojitangaza TB 1 na ndani ni kiduchu. Zitaandika mpaka zijae kisha zianze kufuta za mwanzo. Programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, hujaza diski nzima na kusoma tena ili kuona kama kilichoandikwa kipo. Inachukua muda, ifanye ndani ya siku za kurudisha.

Umeme na mengine madogo

Pawa saplai za OptiPlex na EliteDesk za umbo jembamba zina maumbo na plagi za kwao. Ikiungua, ya dukani ya kawaida haitaingia. Hii haimaanishi usizinunue, maana vipuri vyake vimejaa mjini, ila usipange kuchomeka kadi kubwa ya picha humo.

UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, si anasa. Umeme ukikatika wakati mashine pepe tano zinaandika, kinachoharibika ni diski pepe tano kwa mpigo, na ile ya domeni huwa haipendi kabisa kuamka. UPS ya 650 VA itakupa dakika za kuzima kwa utaratibu kwa kompyuta ya kawaida. Chukua yenye kebo ya USB ya kuongea na kompyuta. Kwenye Linux kuna programu ya NUT itakayozima yenyewe ukiwa uko sokoni.

Ukitaka pfSense ilinde mtandao halisi wa nyumbani, si wa maabara tu, ongeza kadi ya mtandao ya Intel ya milango miwili au minne. Kasha jembamba linataka kadi yenye kipande kifupi cha chuma, kwa hiyo iangalie kabla ya kulipa.

Programu za kuendeshea mashine pepe sitaziandikia mengi. VMware Workstation Pro ni ya bure kwa watu wote tangu Novemba 2024, VirtualBox imekuwa ya bure siku zote, Hyper-V ya Microsoft haimo kwenye Windows ya Home. Ukiona VirtualBox ina picha ya kobe wa kijani chini ya dirisha, jua Hyper-V ya Windows imeshika usukani na mashine zako zitakuwa za polepole. Usianze kulaumu prosesa.

Mwisho ni waranti. Risiti iandikwe modeli, namba ya tagi iliyo nyuma ya kasha, ukubwa wa memori na diski, na siku za kurudisha. Usiku wa kwanza nyumbani usiweke programu yoyote. Fungua kifuniko, pulizia vumbi, wakisha Memtest86+ na uiache mpaka asubuhi. Mstari mwekundu hata mmoja ukitokea, toa vipande vya memori, jaribu kimoja kimoja katika sloti ileile mpaka ujue kibovu ni kipi, na ukirudishe dukani siku hiyo hiyo pamoja na picha ya skrini.